Ulivyosubirishwa na Treni ya Bara

Mtani wangu Mwajuma,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Nimeandika "natumaini hujambo," nikaikata, halafu nikacheka peke yangu hapa kwenye benchi la abiria mpaka mama mmoja aliyekaa na vifurushi vyake akasogea pembeni kidogo. Hali yako naijua. Nilikuwepo. Wewe ndiye usiyejua ulizikwaje, na kwa jinsi ulivyopenda kujua mambo, nahisi hilo linakusumbua hata huko uliko.

Kwa hiyo nakuandikia nikusimulie mazishi yako mwenyewe. Tuliahidiana, mimi Mgogo na wewe Mnyamwezi, kwamba atakayetangulia hatazikwa kimya. Atakayebaki atafanya utani wote unaostahili, watoto wanune wasinune. Ulinishika mkono hapa hapa stesheni ukaniambia, "Raheli, ukiniacha nibebwe kimya kama gunia la chumvi, nitarudi." Hujarudi, basi labda unajua. Lakini unajua kwa mbali tu, na mimi nataka ujue vizuri, maana ilibaki kidogo sana ubebwe kama hilo gunia.

Kwanza nikupe habari za hapa, uzipate zikiwa za moto.

Stesheni ipo. Kuta zile nene za Wajerumani zimepakwa chokaa tena, na tayari watoto wameshachora juu yake kwa mkaa. Treni ya bara inakuja, ya pwani inakuja, ikichelewa inachelewa kama ulivyoiacha. Mabasi ndiyo yameongezeka. Sasa yapo yenye televisheni ndani, mtu anatazama picha za mapigano tangu Dar mpaka hapa, anashuka macho mekundu. Wale vijana waliopunguzwa kazini bado wamejaa jukwaani, kila mmoja na boksi lake la biskuti na soda za makopo, na sasa maji ya chupa. Maji, Mwajuma. Watu wananunua maji Dodoma, tena kwa hiari yao. Nilipoona hivyo nilikukumbuka, kwa sababu ungenigeukia na kusema Wagogo hatimaye tumerudia biashara ya babu zetu.

Ndiko utani wetu ulikotoka, kama tulivyosimuliwa. Babu zako walitoka Unyamwezi wamebeba mizigo ya watu mabegani, wakifika kwetu wameishiwa maji, na babu zangu wakakaa kwenye visima na kudai hongo kabla hawajapita. Nyie mkatuita wachoyo wala mlenda, sisi tukawaita wabeba mizigo. Wazee wakaona badala ya kupigana bora tutukanane mpaka mwisho wa dunia. Msafara mmoja ukawaacha babu zako hapa mjini, wakajenga, wakasali, wakafanya biashara, na wewe ukazaliwa Makole hujawahi hata kuiona Tabora. Lakini ukiulizwa kabila ulisimama wima utadhani unaimba wimbo wa taifa.

Siku ile ya kwanza nilipokuja jukwaani na beseni langu la karanga kutoka Ihumwa, mume wangu akiwa ndiyo kwanza ametoka kuzikwa na Nyemo wangu akiwa bado mgongoni, hakuna aliyenisemesha. Wenye sehemu zao walinitazama kama mwizi wa abiria. Wewe ulikuja na birika lako, ukanitazama kuanzia miguuni, ukauliza kabila gani. Nikasema Mgogo. Ukaweka birika chini, ukainua mikono, ukasema, "Alhamdulillahi, nimepata wa kumtukana." Halafu ukanisogeza pembeni ya sehemu yako, kule mwisho wa jukwaa, yanakosimama mabehewa ya daraja la tatu. Nilikaa hapo miaka yote. Sikuwahi kukwambia asante kwa sababu ungenicheka.

Nakumbuka jinsi ulivyouza chai. Wengine waliuza mayai na zabibu, vitu ambavyo abiria anachukua na kwenda navyo. Wewe uliuza chai kwenye vikombe vya bati, na kikombe lazima kirudi kabla treni haijaondoka. Kwa hiyo uliweka rehani. Abiria akinyoosha mkono dirishani kuomba chai, unamwambia, "Lete kiatu." Kimoja tu. Mtu mzima na suti yake anavua kiatu, anakupa kupitia dirishani, anakunywa chai huku ameficha mguu wenye soksi iliyotoboka. Kikombe kikirudi, kiatu kinarudi. Behewa zima linacheka, na wewe unapita chini na kapu la viatu vya upande mmoja, unawagombeza: "Kunywa taratibu, utaungua. Treni haiondoki mpaka mimi niseme."

Wapo walioondoka na vikombe, na viatu vyao vikabaki. Nyemo aliwahi kukuuliza utavifanyia nini viatu vya upande mmoja, ukamwambia unangoja abiria mwenye mguu mmoja.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Presha ilikupanda asubuhi, ukiwa unachuja tangawizi. Mchana ulikuwa hutambui mtu. Jioni ukatutoka. Nilikuwa nimekushika mguu, kwa sababu sehemu nyingine zote walishaziwahi ndugu zako. Nasema hivyo nikitania, lakini Mwajuma, nilipohisi ule mguu unapoa sikuwa na utani wowote ndani yangu. Nilikuwa mtu aliyeachwa, basi.

Mwanao Shabani alifika kesho yake asubuhi kwa basi. Unajua jinsi alivyo tangu aende Dar na kuanza kazi kwenye duka la vipuri. Amekuwa mtulivu, ana swala zake, anaongea chini chini. Alinikuta nimekaa na wanawake kwenye mkeka uani. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili. "Shikamoo, Mama Nyemo." Nikaitikia. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Mama, najua wewe na marehemu mlikuwa watani. Lakini nakuomba sana, leo pasiwe na utani. Mama yangu amechekwa vya kutosha pale stesheni, maisha yake yote. Mimi nimekua nikiona watu wazima wanamcheka kupitia madirisha. Leo aheshimiwe tu, kama mama wa mtu mwingine yeyote."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimepanga matusi yako, mengine mazuri mno, ningeziba mlango jeneza lisitoke, ningelala kwenye njia. Na huyu kijana amechuchumaa mbele yangu, macho yamevimba, na anachoomba ni heshima ya mama yake. Sikuweza kumwona mbaya. Nikamwambia, "Sawa, baba." Wanawake wengine wakanitazama. Bi mdogo wako, yule mdogo wa mama yako, akanifinya paja kabisa, nikamtoa mkono.

Kwa hiyo walikuosha, wakakuvika sanda, na mimi nimekaa. Walikubeba kutoka mlangoni, na mimi nimekaa. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wa jirani. Kila mtu wa Makole alijua kwamba mtani wako yupo pale na amenyamaza, na walikuwa wananionea aibu. Nilijionea aibu pia. Nilikuwa nimewapa watu wawili neno langu, na maneno yenyewe hayapatani.

Wanaume wakaenda msikitini kukuswalia, na kutoka hapo wakaelekea makaburini, ng'ambo ya reli. Sisi wanawake tulibaki. Hapo ndipo niliposikia honi ya treni ya bara inaingia mjini, na nikaona birika lako.

Lilikuwa kwenye kona ya jiko, tupu, limeoshwa na mtu aliyetaka kusaidia. Jirani zako walikuwa wamepika sufuria kubwa ya chai kwa ajili ya waliokuja msibani. Sikufikiri sana, Mwajuma. Kama ningefikiri ningebaki kwenye mkeka. Nilijaza birika, nikachukua kapu na vikombe, nikavua kanga yangu nikajifunga yako ya zambarau. Bi mdogo wako akauliza naenda wapi. Nikamwambia, "Treni imefika, chai atauza nani?" Hakunizuia.

Unakijua kile kivuko cha reli pale mwisho wa jukwaa, chenye geti analofunga Mzee Masima. Unajua pia kwamba treni ya bara ikiwa ndefu, ikisimama stesheni mkia wake unabaki umeziba kivuko, na barabara nzima inasubiri mpaka iondoke. Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Mzee Masima alifunga geti lake kama sheria inavyotaka, na msafara wako ukafika pale ukakuta geti limefungwa.

Na Mzee Masima ni Mgogo.

Haya niliyasikia baadaye kwa watu, lakini wote wameyasimulia namna moja, kwa hiyo ni kweli. Shabani alikuwa mbele, amebeba jeneza kwa bega la kulia. Alipoona geti linashuka na Mgogo amelishikilia, hasira zikampanda. Treni ilikuwa bado haijatokea. Akasema kwa sauti, yeye asiyepaza sauti, "Mzee, nimesema leo hakuna utani. Fungua tupite." Mzee Masima akamtazama, akatazama jeneza, akavua kofia yake ya kazi. Akasema, "Mwanangu, huu si utani. Hii ni treni."

Na kweli, kichwa cha treni kikapita mbele yao kwa kishindo, na mabehewa yakafuata, moja baada ya jingine, mpaka daraja la tatu likasimama pale pale kivukoni. Ikabidi msafara usubiri. Wanaume waliokuwa wamejikaza tangu asubuhi waliinamisha nyuso. Wapo waliokohoa. Shabani alikuwa amesimama tu. Alisubirishwa na kitu ambacho hawezi kukiomba kisitanie.

Mimi nilikuwa naingia jukwaani kwa mwisho wake wa pili. Nilipoona treni imesimama na jeneza lako limesubiri pale mwisho, kwenye sehemu yako, nilikaza ile kanga yako kiunoni. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hata akifa haachi kuja kazini.

Basi nikaanza kutembea kama wewe. Mkono mmoja kiunoni, birika limetangulia, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayegombana na hewa. Nikaita kama ulivyokuwa unaita, ile sauti inayoanzia puani, "Chai ya tangawizi, chai moto, Kigoma mbali, Mwanza mbali, kunywa usije ukazimia njiani ukatuletea kesi." Sauti yangu ilikatika mara ya kwanza. Mara ya pili ikatoka. Vijana wa biskuti waligeuka wote, na mmoja aliyekuzoea akaangusha boksi lake.

Abiria wa daraja la tatu hawakujua lolote. Wakanyoosha mikono kama kawaida. "Lete kiatu," nikasema, na wakaleta. Nikamwaga chai, nikawagombeza. Kapu likaanza kujaa. Yule baba wa dagaa wa Kigoma, anayesafiri kila mwezi, alitoa kichwa dirishani na kiatu chake tayari mkononi, akanitazama usoni, akasema, "Wewe siye. Mama mwenyewe yuko wapi leo?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. "Yule pale. Amebebwa na vijana tupu, ameringa hata salamu haitikii."

Alilitazama jeneza. Akaniangalia. Akavua kofia yake ya kufuma, na akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo, na madirisha ya jirani yakasikia, na yaliyofuata yakasikia. Behewa lote likanyamaza, watu wana vikombe mkononi na mguu mmoja peku. Waislamu walisema amina. Wakristo walisema amina pia.

Nikafika kwenye jeneza. Sikumtazama Shabani. Nilikuangalia wewe, yaani ile kanga waliyokufunika, na nikatoa neno lililobaki katika yote niliyoyapanga. "Haya, Mnyamwezi," nikasema. "Ukoo wenu mzima umebeba mizigo ya watu tangu dunia iumbwe. Leo na wewe umebebwa. Ona watoto wa watu wanavyotoka jasho. Nilikwambia upunguze maandazi ukakataa. Na hapa ni Ugogo, Mwajuma. Hupiti hapa bila hongo."

Nilisikia mtu mmoja nyuma anacheka, kile kicheko cha kutokea puani kisichozuilika. Halafu wawili. Halafu sikusikia tena kwa sababu nilikuwa nimefika mbele ya mwanao na ilibidi nimtazame.

Alikuwa analia, Mwajuma. Machozi yanateremka tu na hawezi kuyafuta kwa kuwa mikono imeshika jeneza. Nikamwaga chai kwenye kikombe, nikamwinulia mdomoni, akanywa kama mtoto. Nikamwambia, "Lete kiatu."

Nilidhani atanisukuma. Watu wote walidhani hivyo. Alisimama muda mrefu, na mimi nimenyoosha mkono, na nikawa nawaza kwamba nimemvunjia heshima mtoto wa rafiki yangu siku ya msiba wake na sitasamehewa. Kisha akainamisha macho, akakanyaga kisigino cha kiatu cha kulia kwa mguu wa kushoto, akakichomoa, akanisukumia kwa kidole gumba. Kiatu cheusi cha Dar, kinang'aa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na jeneza linatikisika nayo, na hata sasa siwezi kukwambia kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani hata yeye hajui.

Stesheni masta akapuliza filimbi. Nikakimbia kurudisha viatu na kukusanya vikombe, na safari hii hakuna hata mmoja aliyeondoka na kikombe. Treni ikaondoka taratibu, kivuko kikafunguka, Mzee Masima akainua geti na kukaa nalo mkononi, kofia kifuani, mpaka mtu wa mwisho akavuka. Mwanao alivuka na mguu mmoja mtupu juu ya kokoto za reli. Hakurudi kuomba kiatu. Alikwenda kukuzika hivyo hivyo.

Mimi nikabaki jukwaani na kiatu chake na birika lako limeishiwa chai. Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, bila mpangilio, nimekaa chini kama mtu aliyeachwa na treni. Vijana wa biskuti walinizunguka wakasimama tu kunikinga watu wasinione. Hao vijana uliokuwa unawaita nzige wana moyo, nakwambia, na ungekuwepo ningekulazimisha uwaombe radhi.

Jioni, baada ya watu kupungua, Shabani alikuja nyumbani kwangu amevaa kandambili za kuazima. Nilimpa kiatu, akakiweka pembeni, hakukivaa. Akakaa kwenye kigoda kile ulichokuwa unakivunja vunja. Halafu akaniuliza, "Mama Nyemo, kwani wale walikuwa wanamcheka hivyo kila siku?"

Nikamwambia, "Hawakuwa wanamcheka, Shabani. Walikuwa wanamngoja. Mtu anatoka Kigoma siku nzima kwenye joto na vumbi, anajua Dodoma kuna mwanamke atakayemvua kiatu. Anaanza kucheka tangu Manyoni."

Akasema hakujua. Akasema alipokuwa mdogo alikuwa anazunguka nyuma ya mabehewa ya mizigo akitoka shule, ili wenzake wasione kwamba wewe ni mama yake. Hajawahi kumwambia mtu. Nilimwambia wewe ulikuwa unamwona. Ulikuwa unamwona kila siku, na ulimwacha apite, na ulikuwa unaniambia, "Mwache, akikua atapita mbele." Nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliona anahitaji kulisikia hilo kwa mtu aliyekuwepo. Natumaini sijakuchongea.

Alirudi Dar. Sisi tukabaki na maisha.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Nyemo. Baada ya wewe kuondoka, watu walianza kunipa heshima. Vijana wananiamkia shikamoo, wananisogezea beseni, stesheni masta ananiita mama. Wale wanawake wenzetu wanasema Mama Nyemo ni mtu mzima, mwacheni. Hakuna anayenitukana. Nakaa kule mwisho wa jukwaa, karanga zinauzika, siku inaisha bila mtu kuniambia kwamba nanuka mlenda. Ni upweke wa ajabu, Mwajuma. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuumwa na heshima. Ndugu zako waliobaki ni wapole, wananionea huruma. Nikawa nafikiri, mimi nilimtimizia, lakini mimi nani atanitimizia? Nitakuja kubebwa nimefunikwa kitambaa cheupe cha kanisa, kwaya inaimba vizuri, na hakuna Mnyamwezi hata mmoja wa kuziba njia. Nilikukasirikia kidogo. Ulijua wewe ndiye hodari wa hii kazi, na ukatangulia.

Arobaini yako ilikuwa juma lililopita. Watu walisoma, walikula, pilau lilikuwa zuri ingawa lilizidi pilipili manga. Shabani tuliambiwa atafika siku moja kabla, na wote tukajua atakuja na basi, maana siku hizi nani anapanda treni kama ana haraka.

Nilikuwa jukwaani na beseni langu treni ya bara ilipoingia. Daraja la tatu likasimama mbele yangu. Nikaanza kunadi karanga, nimetazama chini kuhesabu vifuko, na juu ya kichwa changu, dirishani, sauti ya mwanamume ikapazwa mpaka jukwaa zima likasikia:

"Wewe Mgogo mchoyo, mla mlenda, mwenye karanga zilizooza. Bado hujafa tu?"

Vijana wa biskuti walisimama wote. Mmoja alikunja ngumi, anataka kwenda kumfundisha adabu abiria anayemtukana mama mtu mzima. Nikainua uso. Shabani wako amejitokeza dirishani nusu mwili, shati jeupe limejaa vumbi la safari, ananitazama, hajui kama amepatia au amekosea.

Amepatia. Nilimtukana mpaka treni ikataka kuondoka naye. Nilimtukana yeye na babu zake na mizigo yao yote, na alishuka anacheka, akanikumbatia mbele za watu, akaniambia sikioni, "Mama Nyemo, usiwe na wasiwasi. Wewe nitakuzika mimi, na utaaibika."

Kwa hiyo lala, mtani wangu. Nimekufanyia ulichotaka na mwanao amenilipia kwa mdomo wake mwenyewe. Namuahidi Mungu wako na wangu kwamba sitamfundisha adabu yoyote. Nitakaa hapa miaka yote nitakayopewa, na kila akija nitamtukana vizuri, apate mazoezi.

Mgogo wako,
Raheli